Sikio la Kuazima

Sehemu ya Sita

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama katikati ya sebule ya daktari wa meno, rimoti mkononi, jasho likinitiririka mgongoni. Kwenye skrini gari lilikuwa linakimbia kwenda kulia. Mlio wake ulikuwa unakimbia kwenda kushoto. Watu wote mle ndani walilisikia hilo, isipokuwa fundi aliyefunga spika zenyewe, yaani mimi.

Kwa aliyekosa matoleo ya nyuma, nifupishe. Mimi ni fundi wa spika na projekta, naingia majumbani mwa watu nawafungia vyumba vya sinema. Mjini wananiita Sikio, kwa sababu sikuwahi kutumia kipimo. Nilikuwa nakaa kwenye kochi la mteja, nafumba macho, nasema besi imezidi kidogo, na kweli inakuwa imezidi kidogo. Miezi sita iliyopita spika ya ukumbini ilinilipukia ubavuni, na sikio langu la kushoto likafa. Nililizika kimya kimya. Nilimwambia mke wangu peke yake.

Mwenye sikio moja anasikia, msije mkadhani ni kiziwi. Anachopoteza ni upande. Ukimwita anajua ameitwa, ila hajui ameitwa kutoka wapi. Kwa muuza duka hilo si neno. Kwa mtu anayelipwa kuweka kila sauti mahali pake, kazi imekwisha.

Kwa daktari wa meno nilikuwa nimechanganya waya za kushoto na za kulia. Nikajaribu kwa sikio, nikaona ni sawa. Basi tuendelee kutoka hapo.

Shemeji hakunigombeza mbele ya mteja. Shemeji ni kaka mkubwa wa mke wangu, na kampuni ni yake. Alibadilisha zile waya mwenyewe, akaomba radhi, akanifungulia mlango wa gari kana kwamba mimi ni mgonjwa. Njia nzima nilikuwa naomba anitukane tu, nipumue.

"Umelewa?" aliniuliza tulipofika karakana.

"Mimi, shemeji? Tangu lini?"

"Basi unaumwa."

"Nilichoka tu."

"Kushoto na kulia, Sikio. Hata mlinzi wangu asingekosea."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo niliufungua kabisa. Kisha nikamwona Kompyuta akipita dirishani.

Kompyuta ni fundi mpya, na jina hilo tulimpa sisi wenyewe. Akiingia kwenye chumba cha mteja anasimamisha kipaza sauti juu ya mguu wa chuma, anakichomeka kwenye kompyuta, anatoka nje anakunywa chai. Mashine inapima yenyewe. Nilikuwa nimemcheka mwaka mzima, mbele ya wateja na mbele ya wenzetu. Nikaufunga mdomo.

"Kazi ya wakili ni Jumamosi," Shemeji alisema. "Spika saba, sabufa mbili za besi, chumba kizima. Amekutaja wewe. Kasema anamtaka Sikio, hataki mashine. Nakupa. Akilalamika hata neno moja, Jumatatu Kompyuta anashika nafasi yako, na wewe tafuta pa kwenda. Dada yangu nitamweleza mwenyewe."

"Sawa, shemeji."

"Usiniambie sawa. Niambie utaweza."

"Nitaweza," nilisema, na moyoni nilijua siwezi.

Mke wangu ni mshonaji. Nilimkuta kwenye cherehani, futi yake ya kupimia nguo ikiwa shingoni kama kawaida. Yeye hajui kukaa bila futi ile, hata sokoni anakwenda nayo.

"Kaka amesema nini?" aliuliza bila kuinua macho.

Nikamwaga yote. Hakusimamisha cherehani mpaka akafika mwisho wa mshono.

"Mwambie ukweli."

"Ataniweka dukani niuze betri."

"Kwani betri haziuzwi na watu?"

"Mama Pacha, mimi ni Sikio. Nikiacha kuwa Sikio nitakuwa nani?"

Akakata uzi kwa meno. Akaitandaza nguo magotini, akaikagua, akaikunja. Nilijua anafikiri, kwa sababu nguo ile alikuwa ameshaikagua.

"Hicho chumba cha wakili kitawekwa mapazia?"

"Kuta tatu nzima, tena mazito. Bila hivyo sauti inarukaruka."

"Nani anayashona?"

"Bado hawajapata mtu, nadhani," nilisema, na papo hapo nikaelewa anakokwenda.

"Nitakuja kupima mapazia," alisema. "Macho yatapima kitambaa. Masikio yatakuwa hayana kazi, utayatumia wewe."

Nilipaswa kukataa. Katika mkosi wote niliowasimulia tangu sehemu ya kwanza, kama ningepewa kurudishwa mahali pamoja tu, ningeomba nirudishwe pale kwenye cherehani. Sikukataa. Nilifurahi. Nilimkumbatia mbele ya wanangu nikamzungusha, na yeye akacheka. Furaha ile ndiyo inayonila mpaka leo.

Tulikuwa na siku nne za kufanya mazoezi. Nikaleta nyumbani spika mbili kuukuu, nikaziweka pembe mbili za chumba, nikaanza kumfundisha mke wangu kazi iliyonichukua miaka kumi na saba. Siku ya pili tu akaanza kuniudhi.

"Hiyo ya kulia inaongea puani," alisema.

"Kuongea puani ndiyo nini?"

"Kama mtu mwenye mafua."

Nikaifungua ili nimwonyeshe kwamba haina tatizo. Kitambaa cha ndani kilikuwa kimechanika. Nilikuwa nimekaa na spika ile miaka mitatu nikiisifia kwa kila aliyekuja karakana.

"Umejuaje?"

"Nimesikia," alisema, kana kwamba ni jambo dogo.

Tukapanga ishara. Akivuta ncha ya kushoto ya futi yake, upande wa kushoto umezidi. Akivuta ya kulia, wa kulia umezidi. Akiizungusha kidoleni, besi imezidi. Akishika ncha zote mbili pamoja, nisimame, nisiguse tena kitu. Pacha wetu wakadhani ni mchezo, wakataka nao wafundishwe. Mama yao akawafukuza wakalale.

Jumamosi ikafika.

Wakili ni mama wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Ukizungumza anakusikiliza mpaka unaanza kujitilia shaka.

"Wewe ndiye Sikio?"

"Ndiye, mama."

"Na huyu?"

"Wa mapazia," Shemeji alijibu haraka. "Ni mdogo wangu huyu. Hakuna anayeshona kama yeye."

"Siku hizi nasikia mashine ndizo zinazopima sauti," Wakili aliniambia.

"Mashine haiangalii sinema, mama. Itajuaje?"

Akatabasamu. Shemeji naye akatabasamu, kwa mara ya kwanza wiki nzima. Nikavimba kichwa kwa muda wa kama hatua tatu, kisha nikakumbuka ninachokwenda kufanya.

Chumba kilikuwa chini, unashuka ngazi kumi na mbili. Hakina dirisha. Skrini imejaa ukuta mzima, makochi mawili katikati, kabati la mitambo nyuma kabisa. Spika tatu mbele, mbili ubavuni, mbili nyuma. Waya wenzangu walikuwa wameshazipitisha ukutani wiki ya nyuma. Kilichobaki ni kile ambacho Sikio alikuwa anaitwa kufanya. Shemeji na Wakili wakabaki juu, tukashuka sisi wawili.

Nikaweka wimbo. Nikakaa kochini, nikafumba macho kidogo, kwa mazoea tu. Nilipoyafumbua, mke wangu alikuwa ukutani anapima pazia, na ncha ya kulia ya futi imevutwa.

Nikapunguza kulia.

Futi ikazunguka kidoleni. Nikapunguza besi. Ncha ya kushoto. Nikapunguza kushoto. Tukaenda hivyo saa nzima, kisha saa ya pili. Katikati Wakili alishuka na kikombe, akasimama mlangoni akitutazama. Sikujua amekaa pale muda gani. Nilipogeuka nikamwona, akaniinulia kikombe, akapanda zake.

Ilipofika saa nane mchana mke wangu akashika ncha zote mbili pamoja. Akaacha kujifanya anapima. Akasimama katikati ya chumba, uso ameuinua, wimbo ukamzunguka.

"Baba Pacha," alisema taratibu, "kumbe ndiyo hii uliyokuwa unaisikia?"

Nilimwonea wivu. Sitaficha. Mke wangu mwenyewe, aliyekuwa ananiokoa, nilimwonea wivu hadi nikatazama chini. Alikuwa amesimama mahali nilipokuwa nasimama mimi, anasikia nilichokuwa nasikia, na mimi nilikuwa napata nusu tu, kupitia usoni mwake.

Nikazima wimbo. Nikaanza kukusanya vyombo vyangu.

"Subiri," akasema. "Kuna mluzi."

"Hakuna mluzi."

"Upo. Mwembamba."

"Mama Pacha, hili la kulia si bovu. Ningeusikia."

"Lini mara ya mwisho umemsikia mbu?"

Mbu nilikuwa namwona tu.

"Akija Wakili atausikia," akasema. "Mimi nimeusikia, yeye atakosaje?"

Nilijua anasema kweli, na ukweli ule uliniuma kuliko uongo wote niliokuwa nimemwambia kaka yake. Hata sikio nililobakiza lilikuwa limeanza kunikimbia.

"Ongeza sauti hivyo hivyo bila wimbo," aliniambia. "Nijue unatoka wapi."

Nikapandisha sauti hadi mwisho. Kwangu chumba kilikuwa kimya. Yeye alikunja uso kana kwamba ameona mdudu. Akaanza kupita spika moja moja, anainama, anaweka sikio kwenye kitambaa cha mbele, anaiacha, anakwenda nyingine. Ya tano akanyoosha kidole.

"Ni hii."

Ilikuwa ya mbele, kushoto.

Ugonjwa huo niliujua bila kuusikia. Kichwa cha waya kikikaa nusu ndani, nusu nje kwenye amplifaya, ule mtambo wa kabatini unaozipa spika nguvu, spika inalalamika. Dawa yake ni kukisukuma kikae. Ila kuna sheria moja, na ni ya kwanza ambayo fundi wa sauti hufundishwa kabla hajapewa hata bisibisi. Usiguse waya wa sauti kama amplifaya inawaka. Ukiugusa, spika inapiga kama bunduki.

Nilikuwa nimenyoosha mkono nizime. Ndipo sauti ya Shemeji ikatoka juu ya ngazi.

"Sikio, tunashuka. Wakili ana mgeni saa tisa."

Mitambo ya aina ile ukiizima, kuamka kwake ni dakika nne, wakati mwingine tano. Nikamwona Wakili amekaa mbele ya skrini nyeusi akitazama saa. Nikamwona Shemeji akinitazama mimi. Kompyuta naye nikamwona, na chai yake.

"Nenda kakae kwenye kochi," nilimwambia mke wangu. "Kaa mbali na spika. Ukishakaa niambie."

Nikaingiza kichwa ndani ya kabati, nikaukamata ule waya.

"Haya," akasema.

Sauti yake niliipata vizuri kabisa. Kama imetoka kochini au imetoka ukutani, sikujua, na wala sikujiuliza. Nilikuwa nimemwambia aende kochini, basi kwangu alikuwa kochini. Na ile sauti niliyoipandisha hadi mwisho, nilikuwa sijaishusha.

Nikasukuma.

Baadaye aliniambia kwamba alikwenda kukaa kweli. Alikaa, kisha akainuka. Alitaka awe na uhakika, aisikie dakika ile mluzi unapokatika, ili nisije nikaaibika tena. Neno "haya" alilitamka sikio lake la kulia likiwa limegusa kitambaa cha spika.

Mlipuko ule hata mimi niliusikia. Nilijigonga kichwa kwenye kabati. Nilipotoka alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, kiganja sikioni. Hakulia. Alikuwa anatazama mbele kwa makini, kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu.

"Nini hicho?" Shemeji aliuliza kutoka juu.

"Najaribu besi, shemeji."

Uongo ule ulinitoka kabla hata sijamfikia mke wangu.

Nikapiga magoti. "Unanisikia?"

"Nakusikia. Kuna kengele tu humu ndani."

"Sikio gani?"

"La kulia. Litapoa."

Maneno hayo ndiyo niliyomwambia yeye siku ile ya ukumbini.

"Twende hospitali. Twende sasa hivi."

"Ukinipeleka sasa, utasema nini kwa kaka? Utasema nilikuwa nafanya nini kwenye spika?" Akanishika bega akajiinua. "Kabidhi chumba kwanza. Shusha hiyo sauti. Na ujifute uso, unatisha."

Nikajikaza. Nikashusha sauti, nikafuta uso, nikasimama karibu na kabati kama fundi. Mke wangu akaokota futi yake, akairudisha shingoni, akageukia ukuta wake.

Wakashuka.

Wakili akakaa. Akachagua sinema yake mwenyewe, ya mvua na treni, akaitazama dakika ishirini. Treni ikaja kutoka nyuma, ikapita ubavuni, ikaishia mbele, na yeye akageuza shingo kuifuata. Mvua ikanyesha hadi Shemeji akatazama dari. Mluzi haukuwepo. Nilijua haupo kwa sababu hakuna aliyeuulizia.

"Vizuri sana," Wakili alisema alipozima. "Hiki ndicho nilichokuwa nataka."

Shemeji akanipiga begani. Nilikuwa nimelingoja pigo lile la bega tangu kwa daktari wa meno. Likaja, na sikulihisi. Nilikuwa namtazama mke wangu. Alikuwa anatabasamu vizuri, ila alitabasamu akiwa amechelewa kidogo, baada ya kuona sisi tunatabasamu.

"Nina swali moja tu," Wakili akasema. "Nani amepima chumba hiki?"

"Sikio, mama," Shemeji akajibu. "Si ulimtaka mwenyewe?"

"Nimemuuliza yeye."

"Mimi, mama."

"Nilisimama pale mlangoni karibu dakika kumi," alisema, bila ukali wowote. "Kila mama huyu alipovuta futi, mkono wako ulikwenda kwenye kitufe. Asipovuta, umekaa. Mimi nimefanya kazi mahakamani miaka mingi, fundi. Shahidi anayepewa majibu namjua."

Shemeji akamtazama dada yake, akanitazama mimi, akairudia ile futi.

"Chumba kimekaa vizuri, sina malalamiko," Wakili aliongeza akiinuka. "Nilitaka tu kujua nimshukuru nani." Akapanda ngazi kwenda kumpokea mgeni wake, akatuacha na moto aliouwasha.

"Sema," Shemeji aliniambia.

Nikasema. Nilimwambia habari ya ukumbini, na miezi sita, na waya za daktari wa meno. Nilimwambia sikio la kushoto halipo. Nilitegemea nitajisikia mwepesi, watu husema hivyo wakishatubu. Sikujisikia mwepesi. Nilikuwa nimesema yote isipokuwa lile la dakika arobaini zilizopita, na hilo lilikuwa zito kuliko mengine yote yakijumlishwa.

Shemeji alikaa kochini akajishika kichwa.

"Miezi sita," alisema. "Nakula kwenu kila Jumapili. Miezi sita."

"Nisamehe, shemeji."

"Na wewe ulijua?" alimuuliza dada yake.

Mke wangu alikuwa akimtazama mdomoni. "Nilijua, kaka."

Nilidhani sasa anatufukuza wote. Badala yake alikaa, akaupekua ukuta kwa macho, spika moja baada ya nyingine, na nikaona uso wake unaanza kubadilika. Ni mfanyabiashara. Akishakasirika huanza kupiga hesabu.

"Umejifunza kwa siku ngapi?" akamuuliza.

"Nne."

"Siku nne." Akanigeukia. "Wewe ilikuchukua miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

Akacheka. Kilikuwa kicheko cha uchovu, ila kilikuwa kicheko. "Basi nisikilizeni. Sikio lipo, ila si lako tena. Mdogo wangu, Jumatatu unaanza kazi kwangu. Utapima wewe. Huyu mumeo atachimba ukuta, atapitisha waya, atabeba ngazi. Nyumba yenu haitalala njaa, na mimi sitampa Kompyuta wateja wangu. Mnasemaje?"

Wiki moja nyuma ningelia kwa aibu. Siku ile ningebeba ngazi hadi kufa, nikishukuru. Ni msaada mkubwa kuliko wote tuliowahi kupewa, na ulikuwa umechelewa kwa dakika arobaini.

"Shemeji," nilianza, "kuna jambo."

Nikaona futi inasogea. Mke wangu alikuwa ameshika ncha zote mbili pamoja, kifuani, kwa nguvu, vidole vimekuwa vyeupe. Nisimame. Nisiguse tena kitu.

Nikasimama.

"Jambo gani?" Shemeji akauliza.

"Asante," nilisema. "Nilitaka kusema asante."

"Nitakuja Jumatatu, kaka," akasema mke wangu.

"Vizuri." Shemeji akainuka, akachukua rimoti kwenye mkono wa kochi. "Ila simchukui fundi bila kumjaribu, hata akiwa tumbo moja na mimi. Huyu mumeo mwenyewe nilimjaribu akiwa bado mchumba, unakumbuka? Simama hapo katikati. Fumba macho. Nitafungulia spika moja moja, wewe nyoosha kidole inakotoka. Ni kitu cha mtoto."

"Leo amechoka, shemeji," nikasema. "Tangu asubuhi yuko wima."

"Ni nusu dakika, jamani."

Mke wangu akasogea katikati ya chumba. Akanitazama mara moja, akafumba macho. Mara hii mwenye kujua jibu nilikuwa mimi, kwa taa za kabatini zinazoonyesha spika inayocheza, na hakukuwa na ishara ambayo macho yale yaliyofumbwa yangeweza kuiona.

Shemeji akabonyeza. Sauti kama ya mvua ikatoka spika ya mbele, ya katikati. Mke wangu akangoja kidogo, akanyoosha kidole mbele.

"Safi," Shemeji akasema. "Si nilikwambia?"

Nikapumua. Nilijiambia labda limepoa, labda Mungu amenihurumia mara hii moja.

Akabonyeza tena. Taa ikahamia spika ya nyuma, kulia. Mvua ikaendelea. Mke wangu akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili, kama ninavyofanya mimi. Mkono wake ukainuka, ukasita, ukashuka, ukainuka tena. Shemeji alikuwa bado anatabasamu, akingoja.

Kidole kikaenda kushoto, polepole, kikapita spika ya ubavuni, kikatua mlangoni, ambapo hapakuwa na kitu.

"Nimepatia, kaka?" akauliza, macho bado ameyafumba.